Zamu za kuwatembelea na kuwapigia simu wapweke: tuanzie wapi, na huwa zinaharibikia wapi?

Kiungo

Wakuu, habari za humu. Kuna kikundi cha kujitolea kinaandaa zamu za kuwapigia simu na kuwatembelea watu wapweke: wazee waliobaki wenyewe nyumbani, wafiwa, wagonjwa wasiotoka ndani, na vijana waliohamia mahali wasipomjua mtu. Wa kujitolea ni kumi na kila mmoja ana shughuli zake. Majina yaliyokwisha kuletwa yanazidi uwezo huo.

Naomba wanaoifahamu kazi hii mnisaidie haya:

1. Tutamtofautishaje mpweke na yule aliyeridhika kukaa kivyake? Hatutaki kumsumbua mtu aliyetulia zake.
2. Simu au kumfikia mtu alipo? Mara ngapi kwa wiki, na kwa muda gani?
3. Upweke unaumiza mwili kweli, au ni maneno ya kutia huruma? Viongozi wetu wanauliza.
4. Kwa nini mipango ya namna hii huanza kwa kishindo halafu ikafa kimyakimya?

Sista wa Wodi

Nianze na la kwanza, maana wengi hulirukia juu juu.

Kuishi peke yako ni hesabu ya vichwa ndani ya nyumba. Upweke ni pengo kati ya uhusiano ulio nao na ule unaoutamani. Ndiyo maana mtu anaweza kukaa mwenyewe miaka na asiwe mpweke hata chembe, na mwingine akalala kwenye nyumba ya watu tisa huku hana wa kumwambia lolote. Mkichagua watu kwa kuangalia nani anaishi peke yake, mtamkosa huyo wa nyumba ya watu tisa, na mara nyingi yeye hasemi.

Kipimo kifupi kinachotumika sana kina maswali matatu. Kilitolewa mwaka 2004 kwa kufupisha kile cha maswali 20 cha Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Unauliza hivi:

– Ni mara ngapi unahisi umekosa mtu wa kuwa naye?
– Ni mara ngapi unahisi wenzako wamekuacha kando?
– Ni mara ngapi unahisi umetengana na watu?

Majibu ni matatu: "karibu kamwe" alama 1, "wakati mwingine" alama 2, "mara nyingi" alama 3. Jumla ya chini ni 3, ya juu 9. Watafiti wengi huhesabu 6 na kuendelea kuwa upweke wa kushughulikiwa. Angalia kwamba neno upweke halimo popote kwenye maswali. Ukimuuliza mtu moja kwa moja "wewe ni mpweke?", wengi watakana, hasa wanaume, kwa sababu linasikika kama kukiri kwamba hupendwi. Maswali haya msiyaulize siku ya kwanza mlangoni. Yaingizeni kwenye mazungumzo ya pili au ya tatu, andikeni alama na tarehe, kisha rudieni baada ya wiki nne hadi sita. Bila alama ya mwanzo hamtajua kama mnasaidia au mnapita tu.

Baada ya alama, jiulizeni ni upweke wa namna gani. Mwanasosiolojia Robert Weiss aliugawa mara mbili mwaka 1973, na mgawanyo wake bado unafaa kazini. Kuna wa kumkosa mtu mmoja wa ndani, yaani mwenza au msiri. Kuna pia wa kukosa kundi, yaani watu wa kukuita, kukutania, kukuuliza mbona hukuonekana. Mjane mwenye marafiki tele anaumwa ule wa kwanza, na kumpeleka kwenye mkusanyiko wa watu thelathini kunaweza kumwongezea machungu. Kijana aliyehama na mkewe anaumwa wa pili, naye hata apendwe vipi nyumbani, halitoshi. Mkikosea hapo, mtatoa dawa ya tumbo kwa anayeumwa jino.

Kuna vitu vitatu vya kuchunguza kabla ya kuhitimisha kwamba ni upweke tu:

Masikio. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, zaidi ya robo ya watu waliovuka miaka 60 wana upungufu wa kusikia unaowakwamisha. Mtu asiyesikia vizuri huanza kuepuka mazungumzo ya watu wengi, hucheka pale wengine wanapocheka bila kujua kwa nini, mwishowe anabaki ndani. Familia inasema amebadilika tabia. Wakati mwingine ni nta tu iliyojaa sikioni, na kliniki huitoa kwa dakika chache. Apimwe kwanza.

Sonona. Mpweke akipata mtu huchangamka, angalau kidogo. Mwenye sonona anaweza kuzungukwa na wapendwa na asisikie ladha ya chochote: halali au analala kupita kiasi, hali au anakula ovyo, na hali hiyo inadumu wiki mbili na zaidi. Huyo anahitaji mhudumu wa afya pamoja na zamu zenu, zamu peke yake hazitoshi.

Mawazo ya kujiua. Akidokeza kwamba amechoka kuishi au kwamba ni mzigo, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizi mtu wazo hilo. Akisema ndiyo, asiachwe peke yake, vitu anavyoweza kujidhuru navyo viondolewe karibu, na msaada wa dharura uitwe saa hiyohiyo. Kila mpigaji awe na namba hizo mbele yake kabla ya simu ya kwanza.

Mratibu

Swali la pili. Kuna jaribio moja la simu ambalo kikundi kidogo kinaweza kuliiga karibu lilivyo. Lilifanyika Texas na kuchapishwa mwaka 2021. Watu 240 waliokuwa wakipelekewa chakula nyumbani waligawanywa makundi mawili kwa bahati nasibu, nusu wakapigiwa simu kwa wiki nne. Wapigaji walikuwa 16, vijana wa miaka 17 hadi 23, si wataalamu wa saikolojia, wamepewa mafunzo mafupi ya kusikiliza. Piga hesabu: kila mmoja alibeba kama watu saba au wanane. Wiki ya kwanza simu ilikuwa kila siku kwa siku tano. Baada ya hapo aliyepigiwa ndiye aliyechagua abaki na siku tano au apunguze, mwisho mbili. Mazungumzo yalikuwa mafupi, ya kama dakika kumi, juu ya lolote alilotaka. Kwenye kile kipimo cha 3 hadi 9 alichokitaja Sista, upweke ulishuka kwa alama 1.1 zaidi ya wasiopigiwa, na wasiwasi na sonona vikapungua pia.

Cha kujifunza hapo si dakika kumi. Ni mambo mawili: simu nyingi mwanzoni ili sauti izoeleke upesi, na kumwachia anayepigiwa usukani wa ratiba. Vikundi vingi hufanya kinyume, vikaanza na simu moja kwa wiki "tusimchoshe". Kwa mwendo huo kila simu inakuwa ya kwanza, mnaulizana habari mpaka dakika zinaisha.

Kwa watu kumi wenye kazi, anzeni na watu watatu kwa kila mpigaji. Hiyo ni thelathini. Wengine wangoje kwenye orodha na waambiwe ukweli kwamba wanangoja. Kuahidi simu isiyokuja kunaumiza kuliko kutoahidi, kwa sababu anayekungoja alikuwa ameshajiandaa kukungoja.

Simu ya kwanza iwe hivi:

– Jitambulishe, sema nani alikupa namba, kisha uliza kama ni wakati mzuri. Akisema hapana, panga saa nyingine mle mle.
– Mwambie utapiga siku gani na saa ngapi. Si "nitakupigia wiki hii". Sema "Jumanne na Ijumaa, saa kumi jioni".
– Uliza swali moja lenye jibu refu. "Kazi yako ulijifunza kwa nani?" linafungua zaidi ya "uko salama?"
– Shika jambo moja alilosema, liandike, na simu ijayo anza nalo. Akisema leo mlango wa nyuma unakwama, keshokutwa uliza ule mlango umeishia wapi. Hapo ndipo anapojua kwamba unamsikiliza yeye, si kwamba unajaza fomu.
– Kabla ya kukata, rudia siku na saa ya simu ijayo.

Kosa linaloua simu nyingi ni kugeuka mkaguzi: umekunywa dawa, umekula, umelala? Mtu akiulizwa hivyo kila siku anajifunza kujibu "ndiyo, ndiyo, ndiyo" ili uondoke. Kosa la pili ni mpigaji kujaza ukimya kwa habari zake. Vumilieni kimya cha sekunde tano, sita. Wazee hasa huvuta maneno taratibu, na lile la maana mara nyingi huja baada ya kimya hicho.

La tatu, msibadilishe wapigaji kila wiki. Zamu ya kuzunguka ni rahisi kupanga ila inamlazimu mpweke kusimulia maisha yake upya kila mara. Mtu mmoja, mbadala mmoja anayejulikana kwa jina, basi.

Kumfikia mtu kunafaa zaidi kwa asiyesikia vizuri, anayesahau sana, na aliyefiwa karibuni. Dakika arobaini na tano hadi saa moja zinatosha. Kaa upande wenye mwanga ili aone midomo yako, zima redio, ongea polepole bila kupaza sauti, maana kupaza kunavuruga maneno. Na nendeni na kazi ya mikono: kupanga picha, kushona kifungo, kupogoa mmea. Watu wengi, wanaume zaidi, hufunguka wakiwa bega kwa bega wanatazama kitu kimoja kuliko wakikaliwa mbele kama mahakamani.

Kwa wafiwa wekeni kalenda. Wiki za mwanzo nyumba hujaa. Zamu zenu zianze pale watu wanapotawanyika, kisha tieni alama mwezi wa tatu, wa sita, na siku ya kutimiza mwaka.

Mbishi wa Takwimu

Samahani kuharibu hali ya hewa, ila kwenye swali la 3 naona watu watakimbilia zile tarakimu za kutisha. Mgonjwa hatoki nje, kwa hiyo anakuwa mpweke, kisha anakufa kwa ugonjwa wake. Upweke ndio umemuua? Naomba mtu atofautishe sababu na sadfa kabla Kiungo hajapeleka takwimu kwa viongozi wake.

Sista wa Wodi

Swali halali kabisa, Mbishi, na viongozi wa Kiungo wakiulizwa na mtu kama wewe bila jibu wataaibika.

Zile tarakimu zinazozunguka zinatokana hasa na kazi za mwanasaikolojia Julianne Holt-Lunstad. Mwaka 2010 yeye na wenzake walijumlisha tafiti 148 zenye watu zaidi ya 308,000, wakaona wenye uhusiano imara walikuwa na uwezekano wa kuwa hai mwisho wa utafiti uliozidi wa wengine kwa asilimia 50. Mwaka 2015 wakatenganisha: kutengwa, yaani kukosa watu, kulienda na ongezeko la hatari ya kufa la asilimia 29, upweke wa moyoni 26, kuishi peke yako 32. Mwaka 2025 Tume ya Shirika la Afya Duniani ikasema mtu mmoja kati ya sita duniani anaguswa na upweke, na vifo kama 871,000 kwa mwaka vinahusishwa nao.

Upande wa pili ni huu. Mwaka 2017 ilichapishwa kazi iliyotumia takwimu za watu zaidi ya 460,000 wa Uingereza. Walipoondoa mchango wa umaskini, uvutaji sigara, maradhi ya awali na mengineyo, hatari ya ziada ya kufa kwa wale waliohisi wapweke ilifutika karibu yote. Kwa waliotengwa kweli, yaani wasio na watu, ilipungua sana lakini haikuisha. Kwa hiyo sehemu ya hoja yako inasimama: maradhi na ufukara hupita kwenye mlango huohuo na upweke.

Lakini si yote ni sadfa. Mwanasaikolojia Sheldon Cohen mwaka 1997 aliwatia watu wazima 276 wenye afya virusi vya mafua puani, akawaweka chini ya uangalizi. Aliowahesabu si marafiki bali aina za uhusiano ambazo mtu anazitumia walau mara moja kila wiki mbili: mwenza, mzazi, mtoto, jirani, mwenzake wa kazini, wa kikundi, wa ibada na kadhalika. Wenye aina moja hadi tatu walikuwa na hatari ya kuugua mara 4.2 kuliko wenye sita na zaidi. Wote walitiwa virusi kwa makusudi, kwa hiyo huwezi kusema tu kwamba waliougua walikuwa wagonjwa tangu mwanzo.

Binafsi nikizungumza na viongozi ningeacha asilimia nikaeleza njia ya wazi kabisa isiyohitaji takwimu. Mtu akipata kiharusi cha damu kuganda, dawa ya kuyeyusha ule mgando kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4.5 tangu dalili zianze. Asiyekuwa na mtu akikutwa asubuhi chini sakafuni, daktari hawezi kujua zilianza lini, hivyo saa zinahesabiwa tangu mara ya mwisho alipoonekana au kusikika akiwa mzima. Kama mara hiyo ni juzi jioni, mara nyingi dirisha hilo limeshafungwa hata kama mshipa umeziba nusu saa iliyopita. Vivyo hivyo kwa aliyeanguka na kuvunjika nyonga, aliyemeza dozi mara mbili, kidonda cha mguu ambacho yeye hawezi kukiona. Mwenzako ni jicho la pili. Hilo halina ubishi wa kitakwimu.

Ndiyo maana pamoja na simu za maongezi, wekeni ishara ya kila siku kwa wanaoishi peke yao. Ujumbe wa neno moja au simu ya kubipu kabla ya saa tatu asubuhi. Isipofika: mpigaji anapiga mara mbili, akiachanisha dakika kumi na tano. Asipopokelewa, anaitwa jirani aliyekubali kabla, mwenye ufunguo au anayejua ulipo. Jirani asipopata jibu mlangoni, inaitwa dharura. Kila hatua ina jina la mtu na namba iliyoandikwa, na kila mwezi mnaijaribu mara moja, maana ufunguo uliotolewa mwaka juzi huenda kitasa chake kimebadilishwa.

Mbishi wa Takwimu

Hapo kwenye saa 4.5 nimekubali. Hiyo ya 2017 mnayo kwenye maelezo yenu, msiifiche.

Nasaha

Naona hakuna aliyegusa kinachofanya kazi hii iwe ngumu: mpweke wa muda mrefu mara nyingi anakusukuma. Anakataa mwaliko, anajibu kwa mkato, anatafuta kasoro. Wa kujitolea anaondoka akisema hana shukrani.

John Cacioppo, aliyetafiti upweke kwa miaka mingi Chuo Kikuu cha Chicago, alieleza hali hii kama tahadhari. Kwa mtu asiye na kundi, akili hukaa macho kama mlinzi wa usiku: inawinda dalili za kukataliwa, na mwenye kuwinda hakosi. Usingizi wenyewe unakatikakatika. Umechelewa kupiga dakika ishirini, wewe unaona foleni, yeye anaona ushahidi. Anajikunja, wewe unavunjika moyo, na ushahidi wake unatimia.

Mwaka 2011 yeye na wenzake walipitia majaribio ya kupunguza upweke wakayagawa mafungu manne: kufundisha namna ya kuzungumza na watu, kuongeza msaada, kuongeza nafasi za kukutana, na kurekebisha fikra potofu kuhusu wengine. Katika majaribio yaliyogawanya watu kwa bahati nasibu, fungu la nne ndilo lililofanya vizuri zaidi. Kukusanya watu ukumbini tu, jambo ambalo kila kikundi huanza nalo, matokeo yake ni haba.

Kwa vitendo, hamhitaji kuwa wanasaikolojia. Akisema "mwanangu hapigi, hanijali", msimbishie na msimpigie makofi. Muombe ataje sababu nyingine tatu zinazowezekana, hata kama haziamini. Halafu tafuteni kitendo kidogo cha kupima: ampigie yeye, Jumamosi, aulize jambo moja maalumu. Aandike kabla anatarajia nini, na baada ya hapo kilichotokea. Mara nyingi matarajio huwa meusi kuliko tukio. Hata kwa watu wasio wapweke imeonekana hivyo: utafiti wa 2018 ulikuta kwamba baada ya watu wasiojuana kuzungumza, kila mmoja alidhani amependwa kidogo kuliko alivyopendwa kweli.

Jambo jingine, na hili ningelikazia kuliko yote hapa: mpeni naye cha kutoa. Anayepokea tu, wiki baada ya wiki, anathibitishiwa kwamba ni mzigo. Muulize akufundishe kitu, akushauri, akukumbushe, ampigie mwenzake aliye kwenye orodha hiyohiyo. Liwe hitaji la kweli, maana watu wazima wanainusa kazi ya kubuniwa. Mradi wa Friendship Bench wa Zimbabwe, ulioasisiwa na daktari wa akili Dixon Chibanda, una hili ndani yake. Wakina bibi waliofunzwa hukaa na mtu kwenye benchi nje ya zahanati, wanaorodhesha matatizo yake, anachagua moja, wanatafuta njia pamoja, anaondoka na hatua moja ya kufanya, na wakikutana tena wanaiangalia hiyo hatua. Baadaye wahusika hujiunga na vikundi ambako wanafuma mikoba huku wakiongea. Jaribio lake la 2016, lenye watu 573 katika zahanati 24 za Harare, lilionyesha nafuu kubwa ya sonona na wasiwasi. Bibi anatoa, na kwenye kikundi yule aliyekuwa mgonjwa naye anatoa.

Mtu akikataa kutembelewa, usisisitize na usimfute. Muulize kama unaweza kumpigia baada ya wiki mbili, pigia siku hiyohiyo uliyosema, dakika tatu, aga. Akikataa mara ya tatu waziwazi, mwachie namba na mheshimu.

Mratibu

Kwa wale vijana waliohama, kazi ni tofauti: wanahitaji mahali pa kurudia. Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas alikadiria mwaka 2018 kwamba kutoka kujuana hadi kuwa marafiki wa kawaida huchukua kama saa 50 za kuwa pamoja, urafiki kamili kama 90, na wa karibu zaidi ya 200. Saa za kuwa pamoja kazini hazikuwa na uzito sawa na za kupiga soga. Sasa gawanya: kijana anayehudhuria kitu cha saa mbili kwa wiki atafika 50 baada ya wiki 25. Wengi hukata tamaa wiki ya tano wakisema "hapa hakuna watu wa aina yangu". Hajafika hata robo. Mpeni kikundi kimoja chenye sura zilezile, si matukio manne tofauti yenye wageni kila mara, na mwambieni hesabu hiyo mapema asidhani kasoro ni yake.

Mitandao inasaidia ikiwa inaleta miadi ya ana kwa ana au inashika uhusiano uliokwisha kuwepo. Kupitia picha za watu bila kuandikiana chochote hakuhesabiki.

Swali la 4, kufa kwa mipango. Sababu ni zilezile: mpigaji mmoja hodari anabebeshwa watu kumi na wawili, hana pa kutua mzigo, anazima simu. Wekeni kikao cha nusu saa kila wiki mbili, kila mmoja ataje mtu mmoja anayemtia wasiwasi na mmoja anayekwenda vizuri. Daftari la kila mpweke liwe ukurasa mmoja: jina analopenda kuitwa, saa zake, jambo la kuulizia simu ijayo, watu wa dharura. Ugonjwa na siri za ndani zisiandikwe zaidi ya kinachohitajika. Na sheria ya fedha isiwe na mlango wa nyuma: hakuna kukopa, kukopesha, kushika kadi wala namba ya siri. Matapeli wanajua kwamba asiye na mtu humsikiliza yeyote anayempigia, kwa hiyo mfundisheni mapema kwamba mtu wa kikundi chenu hataomba hela kamwe.

Kiungo

Shukrani sana wakuu, hii nimeinakili yote. Moja limebaki: mtu akimganda mpigaji? Anapiga mara nyingi kwa siku, hata usiku. Na mpigaji akilazimika kuacha, anaagaje?

Nasaha

Kuganda maana yake mara nyingi ni kwamba hana hakika na simu ijayo. Kwa hiyo usipunguze simu, zifanye ziwe za uhakika. "Napiga saa kumi kila siku hadi Ijumaa. Ukipiga saa nyingine sitapokea isipokuwa dharura, ila saa kumi nipo." Kisha shikilia pande zote mbili. Ukipokea ya usiku mara moja kati ya kumi, umemfundisha apige kumi. Wakati huohuo ongezeni mtu wa pili, maana mtu mwenye kamba moja lazima aivute kwa nguvu.

Mratibu

Kuaga: wiki tatu kabla, si siku ya mwisho. Simu ya kwanza ya kuaga unasema lini unaacha na kwa nini, kwa kifupi, ukweli. Wiki inayofuata mpo watatu kwenye simu, wewe, yeye na mpigaji mpya, na yeye ndiye anayeamua nini mpya aambiwe kutoka kwenye ule ukurasa. Wiki ya tatu mpya anapiga peke yake Jumanne, wewe unapiga Ijumaa kusikia ilikuwaje na kuaga. Usiahidi "tutakuwa tunawasiliana" kama hutafanya. Akiuliza sababu mara ya pili, jibu sawasawa na ulivyojibu mara ya kwanza. Na mpigaji mpya akipima alama za Sista mwezi mmoja baadaye zikawa zimepanda, aongeze siku za kupiga kwa wiki mbili kabla ya kubadilisha kitu kingine chochote.